Barua kwa Dada: Kupendwa Bila Kuhurumiwa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nafuu, na kama imekukuta katika siku zile ambazo viungo vinakataa kukutii, basi uisome kidogo kidogo, kwa maana ni ndefu na haina haraka. Mimi huku ughaibuni ni mzima. Jioni nyingi nazipitisha ndani, nikisoma riwaya za mapenzi na riwaya za michoro, vitabu ambavyo zamani nilivipita kwenye rafu bila kuvitupia jicho, nikiamini kwamba za kwanza ni porojo tupu na za pili ni za kuwabembelezea watoto. Nilikosea katika yote mawili. Nimeona nikuandikie wewe kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu kila nilipofunua kurasa hizo nilikuta jambo linalotuhusu mimi na wewe.

Kilichonifungulia mlango ni Get a Life, Chloe Brown, riwaya ya Talia Hibbert iliyotoka mwaka 2019. Chloe ni Mwingereza mweusi anayetengeneza tovuti, na anaishi na fibromayaljia, ugonjwa wa maumivu sugu ya mwili mzima unaokuja na uchovu usiomalizwa na usingizi. Baada ya kunusurika kugongwa na gari, anajiandikia orodha ya mambo ya kufanya ili naye aonje maisha, anahama nyumbani kwa wazazi wake, na kwenye makazi mapya anakutana na Red, msimamizi wa jengo ambaye pia ni mchoraji. Nilipofika mahali tunapoelezwa kwamba mchumba wake na marafiki zake walikuwa wamemwacha baada ya ugonjwa kumwingia, nilifunga kitabu nikakaa kimya kwa muda. Nilikumbuka rafiki zako waliokuwa wakija kila siku, kisha mara moja kwa wiki, kisha basi.

Nilisoma kurasa zilizobaki nikiwa na hofu moja, kwamba mapenzi yangemponya. Hadithi za namna hiyo tumezisikia sana: mgonjwa anapendwa, mgonjwa anainuka kitandani, watu wanashangilia. Hibbert hakufanya hivyo, na kwa hilo namshukuru kwa moyo wangu wote. Ugonjwa haumtoki Chloe, wala hauzuii furaha yake. Red anajifunza kuzisoma dalili za maumivu yake kama mtu anavyojifunza mazoea ya yule anayeishi naye, bila kumgeuza kuwa mzigo na bila kujigeuza kuwa shujaa. Farakano lao la karibu na mwisho lilinikera kidogo, kwa kuwa jeraha la zamani la Red linazuka ghafla mno na linatulizwa upesi mno, lakini nililisamehe.

Hapo ndipo nilipojiona mwenyewe, Dada. Unakumbuka nilivyokuwa nikikupokonya ndoo mkononi mbele ya wageni na kutangaza kwa sauti, "Mwacheni dada, anaumwa"? Nilijihesabu kuwa mdogo mwema kuliko wote. Wewe ulinyamaza ukaingia chumbani, nami nikadhani umekwenda kupumzika.

Jibu la ukimya wako nililipata katika kitabu cha michoro, jambo ambalo bado linanistaajabisha. Kinaitwa El Deafo, kimeandikwa na kuchorwa na Cece Bell, kilitoka mwaka 2014, na mwaka uliofuata kilipata heshima ya Newbery, inayotolewa kwa vitabu bora vya watoto nchini Marekani. Bell anasimulia utoto wake mwenyewe, jinsi alivyopoteza usikivu akiwa na umri wa miaka minne baada ya homa ya uti wa mgongo. Wahusika wote amewachora kama sungura, wenye masikio marefu yaliyosimama wima, ili macho ya msomaji yasiache kuyaona masikio hayo. Katika vitabu vya michoro maneno ya wahusika huwekwa ndani ya viputo vinavyotoka midomoni mwao. Sasa angalia alichofanya Bell: betri ya kifaa cha kusikia inapokaribia kuisha, herufi zilizomo ndani ya viputo zinaanza kufifia, zinakuwa za kijivu, kisha kiputo kinabaki kitupu, huku mdomo wa anayesema ukiendelea kufunguka. Niliutazama ukurasa mmoja wa namna hiyo kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kutazama ukurasa wowote wa maneno. Hakuna aliyenieleza uziwi ni nini. Nilikosa sauti pamoja na mtoto yule, kwa macho yangu mwenyewe.

Katika kitabu hicho yupo rafiki wa Cece ambaye, kwa wema kabisa, anazungumza naye polepole na kwa sauti ya juu, akikata neno moja moja. Anadhani anamsaidia, kumbe maneno yanazidi kupotoka, na kila mara anamkumbusha Cece kwamba yeye si kama wenzake. Nilipomwona msichana yule nilijisikia vibaya, kwa maana nilimtambua: alikuwa mimi na ile ndoo.

Riwaya nyingine iliyonishika ni The Kiss Quotient ya Helen Hoang, ya mwaka 2018. Stella ni mtaalamu wa hesabu za uchumi mwenye usonji, anayeweza kuyasoma mafungu makubwa ya takwimu lakini anayeumizwa na makelele, harufu kali na mishono inayomkwaruza ngozi. Anaamini kwamba ana kasoro inayohitaji kufanyiwa mazoezi, hivyo anamlipa Michael, mwanamume anayefanya kazi ya kusindikiza wanawake kwa malipo, ili amfundishe mambo ya faragha. Nakuonya mapema kwamba kurasa za faragha ni nyingi na hazifichi kitu. Mwanzoni wazo lenyewe lilinikwaza, lakini niliendelea kusoma kwa sababu ya uangalifu wa Michael, ambaye anatambua kinachomwogopesha Stella na kuacha pale anapotakiwa kuacha. Mwandishi mwenyewe aligundua kuwa ana usonji akiwa mtu mzima, wakati akitafiti habari za kitabu hiki, na nadhani ndiyo maana Stella hafanani na maelezo ya daktari; anafanana na mtu.

An Extraordinary Union ya Alyssa Cole, iliyotoka mwaka 2017, nitaigusia tu. Inahusu Elle, mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa na kisha akawa huru, ambaye wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani anakwenda Richmond, mji mkuu wa majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa, kama jasusi akijifanya mtumwa bubu. Mabwana wanazungumza siri zao mbele yake kama kwamba ni kiti, naye hasahau neno hata moja.

Kilichonitoa machozi ni When Stars Are Scattered, kitabu cha michoro cha mwaka 2020 ambacho Omar Mohamed alimsimulia mwandishi na mchoraji Victoria Jamieson. Ni maisha ya Omar mwenyewe katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, pamoja na mdogo wake Hassan, ambaye hupatwa na kifafa na ambaye neno lake ni moja tu, "Hooyo", yaani mama kwa Kisomali. Omar anapopewa nafasi ya kusoma, anaogopa kumwacha mdogo wake mchana kutwa. Hofu hiyo imechorwa kwa upole sana, na pia imechorwa habari kwamba Hassan ana rafiki zake, michezo yake na kazi zake, na kwamba kambi inamfahamu kwa jina. Omar hana budi kukubali kwamba mdogo wake anaweza kuwa na siku yake mwenyewe, asiyoiona yeye. Mara ngapi mimi nilikunyima siku yako, Dada, kwa kisingizio cha kukutunza?

Nimefungasha vitabu viwili, kile cha Chloe na kile cha sungura, nami nitavituma kwa mtu wa kwanza atakayesafiri kuja huko. Anza na kile cha michoro ikiwa mikono inauma, kwa kuwa kurasa zake zinasomeka haraka. Kuhusu Chloe, niambie kama mwandishi amepatia, maana mimi naweza kuusifu ustadi wake, lakini wewe peke yako ndiwe unayeweza kusema kama maumivu yale ni ya kweli. Na ukipata nguvu ya kuandika hata mistari miwili, nijibu na hili: siku ile mbele ya wageni, ungependa nishike mpini wa ndoo upande mmoja tukaibeba pamoja, au ungependa nikuache uibebe mwenyewe?

Ni mimi, mdogo wako akupendaye.