Barua kwa shoga yangu wa Nachingwea: mwambie mpwa wako aweke bisibisi chini

Chikongola, Mtwara
Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka huku pwani. Sisi wazima, watoto wazima, mama anakohoa kidogo lakini kusema anasema. Ujumbe wako, kwamba ile mpakato (laptop) uliyouziwa inadai neno la siri na mpwa wako anataka kuing'oa betri, niliusoma Ijumaa dukani, mteja kanisimamia na vyeti vyake vya kutoa kopi, nikaguna mpaka akaniuliza kama kuna msiba. Nimeona nikuandikie barua yenyewe, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza.

Kwanza, mwambie huyo mpwa wako aweke bisibisi chini. Najua nani kamtia wazimu wa kung'oa betri: ni mimi. Mwaka jana nilikuhadithia nilivyoikomboa kompyuta ya dukani, nawe ukamhadithia yeye. Ila nilikupa nusu ya habari, na yangu ni ya mezani, yako ni mpakato. Acha nikumalizie.

Unakumbuka ulikuwa msimu wa korosho, minada imepamba moto, duka halipumui kwa barua na mihtasari ya vikao vya chama cha msingi. Vijana wangu wawili wakawa wanabaki usiku kucheza gemu, asubuhi nakuta mashine ya moto na soda imemwagika mezani. Nikaingia kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayoamka kabla ya Windows, ule ukurasa wa bluu unaotokea ukibonyeza Del mashine inapowaka, nikaweka neno la siri la kuwashia. Neno nikaliandika kwenye kikaratasi, nikakifunga kwenye pindo la kanga. Kesho yake nikaitwa msibani Newala. Nilikaa siku nane, kanga ikafuliwa, na mimi kichwani sina kitu.

Kurudi, kioo cheusi na kisanduku kidogo katikati. Nikajaribu majina ya watoto, namba ya simu ya marehemu baba, hata jina la yule mchumba wangu wa Masasi. Ukikosea mara tatu inaganda, unazima, unaanza upya. Fundi mmoja mjini akataka elfu themanini na mashine alale nayo wiki nzima. Wiki nzima, msimu wa korosho!

Mdogo wangu anayetengeneza redio kule Mikindani akacheka. Akaniambia kwenye kompyuta nyingi za mezani, mipangilio yote ya BIOS, na neno la siri likiwemo, inakaa kwenye kumbukumbu ndogo iitwayo CMOS, inayolishwa na betri mfano wa sarafu pale kwenye mazabodi, lile bamba kubwa la saketi ndani ya mashine. Ndiyo hiyohiyo inayoendesha saa mashine ikiwa imezimwa. Ikikosa umeme inasahau kila kitu. Nikafungua ubavu wa kasha la kompyuta. Shoga, vumbi lile ungepanda mbaazi! Skrubu zimeshika kutu kwa hewa ya chumvi, mbili zilitoka kwa koleo. Betri nikaiona, imeandikwa CR2032, nikaichokonoa kwa ukucha, nikangoja dakika kumi, nikairudisha. Nawasha: kisanduku kilekile kinaniangalia.

Unajua kwa nini? Waya wa umeme ulikuwa bado ukutani. Mashine ikizimwa huku imechomekwa, umeme kidogo unaendelea kupita kwenye mazabodi, na huo unatosha kuilisha ile kumbukumbu hata betri ikiwa mkononi mwako. Nikachomoa waya, nikatoa betri tena, nikabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia ili umeme uliobaki ndani uishe. Ndugu yangu akasema nisikae nakodolea betri, nitafute vipini vitatu vilivyosimama karibu yake, vimeandikwa CLRTC. Mashine nyingine zinaandika CLR_CMOS au JBAT1. Viwili vimevalishwa kikofia cha plastiki, cha kwanza na cha pili. Nikakihamishia cha pili na cha tatu, nikahesabu mpaka thelathini, nikakirudisha mahali pake. Ndipo nikarudisha betri na waya.

Ikawaka, shoga! Ikaandika "CMOS checksum error" na kuniambia nibonyeze F1. Nikapiga kigelegele, jirani wa chapati akaja mbio.

Furaha ikaishia hapo, na hii ndiyo nusu niliyokuficha kwa aibu. Kufuta neno la siri kwa njia hii ni kufuta mipangilio yote, si neno peke yake. Windows ikaanza kuwaka, kioo kikawa cha bluu, ikajizima, ikajiwasha, tena na tena. Nikadhani nimeua hadi diski yenye kazi za wateja. Kumbe mazabodi imerudi kusoma diski kwa mtindo wa zamani unaoitwa IDE, na Windows yangu iliwekwa kwa mtindo mpya zaidi, AHCI. Nikarudi kwenye ukurasa wa bluu, nikabadilisha neno hilo moja, ikafunguka. Siku hizi kabla sijagusa chochote napiga picha za kurasa zote za BIOS kwa simu. Wakati ule nisingeweza, maana neno la siri lenyewe lilikuwa mlangoni.

Na saa ikarudi tarehe 1 Januari 2009. Sikuiona. Intaneti ikawa inakataa tovuti karibu zote, inasema si salama, kwa sababu kwa kalenda yake vyeti vya hizo tovuti vilikuwa havijaanza kutumika. Mimi nikalaumu bando. Halafu yule katibu wa kikao akarudi na mihtasari yake ishirini mkononi, imepigwa chapa vizuri, na juu kulia, pale ninapoacha tarehe ijiandike yenyewe, mwaka 2009. Akaniuliza kwa upole kabisa kama wajumbe wake walikutana wakiwa shule ya msingi. Nikamchapia upya bure, wino wangu na karatasi zangu. Betri nayo nikanunua mpya kwa fundi saa, maana ile ya zamani ilikuwa imechoka.

Sasa yako. Nijibu kwanza: hicho kisanduku kinakuja kabla ya nembo ya Windows au baada yake? Kama ni baada, BIOS haihusiki, na hilo tutalimaliza bila kufungua kitu. Kama ni kabla, basi kwenye mpakato nyingi za miaka hii neno la siri haliko kwenye kumbukumbu ya betri. Limeandikwa kwenye kichipu kinachoshika hata kikikaa mwaka bila umeme. Mpwa wako atang'oa betri, atakata waya mwembamba wa kibodi, na neno litabaki palepale. Baadhi ukikosea mara tatu zinakuonyesha namba ndefu. Ipige picha, kwa sababu watengenezaji wengine wanaitumia kukufungulia, ukiwaonyesha risiti ya ununuzi. Lenovo wao kwa mpakato zao za ThinkPad wanasema wazi: ukisahau neno la siri la msimamizi, ni kubadilisha mazabodi. Na kama aliyeiuza alifunga diski yenyewe kwa neno la siri, hata ukiihamishia mashine nyingine itadai lilelile.

Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Umeandika kuwa stika ya chini imekwanguliwa, na aliyekuuzia hakukupa risiti. Mtu anayeuza mashine yake halali analijua neno lake la siri, au angalau anaweza kukuunganisha na aliyeliweka. Mtafute leo, kabla hajahama kijiwe, umwambie aje aifungue mbele yako au akurudishie hela. Akianza kukuzungusha, mimi ningeidai hela na mashine nisingeing'ang'ania, maana huenda ni ya ofisi fulani na ina mwenyewe anayeitafuta. Na hesabu za kikoba usiziingize humo kwa sasa, endelea na daftari.

Kingine, umesema umeihifadhi chumba kimoja na mifuko ya salfa ya mikorosho. Itoe leo hii. Lile vumbi linakula shaba.

Ukipata nafasi njoo nayo Jumamosi kwa basi la asubuhi, chaja usiisahau, na ya kwangu mie ming'oko, iliyochemshwa tayari, si ile ya kunipa kazi. Dukani kwangu hutakuta neno la siri kwenye BIOS. Vijana wale usiku nawafungia mlango kwa kufuli.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Shogayo wa Chikongola