Kwa mpwa wangu wa Tunguu: usiihame kemia bado

Mpwa wangu,

Assalamu alaikum. Mama yako kaniambia unataka kuihama kemia, eti ni elimu ya sumu na harufu mbaya. Kwa harufu sikubishii. Hilo la sumu lina jawabu, nami nakuandikia hadharani kwa kuwa wanafunzi wangu hapa Wete nao huniuliza.

Albendazoli, dawa tuliyoanza kugaiwa visiwani 2001 pamoja na ivermektini, kuzuia matende, ina benzimidazoli ndani yake: pete mbili za atomu zilizoungana, moja ikiwa na nitrojeni mbili. Amodiakwini, dawa ya malaria iliyoshika nafasi ya klorokwini hapa kwetu 2003 ikiambatana na atesuneti, imejengwa juu ya kwinolini, pete mbili nazo, ila zenye nitrojeni moja. Njia nyingi za zamani za kuunda pete kama hizi hutaka vitu vyenye klorini au bromini, ama vioksidishaji vikali, na kazi ikisha unabaki na taka za kutafutia pa kumwaga. Sumu unayoisema iko hapo.

Siku hizi watafiti huanza na alkoholi. (Bibi yako usimwambie, atadhani mjomba kaanza ulevi.) Kichocheo cha metali, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kutumika, huing'oa alkoholi atomu mbili za haidrojeni, ikawa aldehaidi au ketoni. Hiyo hushikana na amini, kampaundi yenye nitrojeni, maji yakatoka, pete ikajifunga. Haidrojeni hutoka kama gesi. Katika mimenyuko mingine hurudishwa kwenye zao lenyewe, kama jirani aliyeazima kinu. Kinachobaki ni maji, na gesi ambayo nayo ina kazi zake.

Mwaka 2013 Michlik na Kempe, Ujerumani, walitengeneza pairoli, pete ya atomu tano yenye nitrojeni moja, namna hiyo kwa metali ya iridi. Kazi safi, ila iridi ni adimu mno. Mwaka 2016 maabara ya David Milstein, Israeli, ikaonyesha kuwa manganizi, metali iliyojaa ardhini, nayo huunganisha alkoholi na amini. Habari hiyo ndiyo iliyonikalisha kitako.

Lakini jina la kemia ya kijani, yaani isiyochafua mazingira, ambalo kazi hizi hupewa, lisikulevye. Mengi ya majaribio haya huchemshwa kupita nyuzi 100, ndani ya kiyeyusho cha tolueni, na besi juu yake. Metali yenyewe mara nyingi hushikwa na ligandi (molekuli inayojifunga kwenye metali) ya fosforasi ambayo utengenezaji wake una taka zake. Tena dawa ya kumezwa ina kiwango cha metali isichoruhusiwa kukipita, kwa hiyo lazima isafishwe. Viwanda havihami njia zao kwa makala moja, na mimi siwalaumu.

Kabla hujajaza fomu ya kuhama, muulize mwalimu wako kichocheo kipi kati ya hivi huchujwa kikatumika tena. Jibu lake niandikie, hata likiwa refu.

Mjomba wako,
Wete