Risala ya Klabu ya Wanafunzi wa Sheria kwa Mgeni Rasmi: Sera ya Mambo ya Nje na Kukabidhi Watuhumiwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Naibu Waziri wa Katiba na Sheria,
Mkuu wa Kitivo,
Waheshimiwa mawakili na walimu wetu,
Wanafunzi wenzetu,

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu, tukijua una majukumu mengi. Mada tuliyoichagua mwaka huu inagusa meza yako moja kwa moja: nchi nyingine inapomtaka mtu aliyeko kwetu, je, urafiki au ugomvi wetu na nchi hiyo uwe na sauti katika uamuzi? Msimamo wetu ni kwamba uwe nayo mwanzoni na mwishoni, usiwe nayo mbele ya hakimu, na popote unapoingia uingie kwa maandishi.

Mheshimiwa, Sheria ya Kurudisha Wahalifu, Sura ya 368, ilitungwa 1965 na mtiririko wake ni huu. Ombi linaletwa na ubalozi kwa Waziri. Waziri akiridhia, anatoa amri kwa hakimu ili atoe hati ya kumkamata mtuhumiwa. Hakimu haamui kama mtu ana hatia. Anaangalia kama kosa limo kwenye orodha, kama ushahidi ungetosha kumfungulia kesi hapa kwetu, na kama kosa lenyewe si la kisiasa. Akiridhika anaagiza mtuhumiwa awekwe mahabusu, na ni lazima amweleze kwamba hatasafirishwa kabla ya siku 15, na kwamba ana haki ya kwenda Mahakama Kuu kupinga kushikiliwa kwake. Kisha faili linarudi kwa Waziri, ambaye ndiye anayesaini hati ya kumkabidhi. Miezi miwili ikipita hajasafirishwa, Mahakama Kuu inaweza kumwachia.

Kwa hiyo sera ya nje ina milango miwili halali, na yote iko wizarani. Upo na wa tatu, wa zamani zaidi, nao ni mkataba wenyewe. Kati yetu na Marekani tunatumia mkataba ambao Uingereza iliusaini na Marekani mwaka 1931. Tanzania iliuendeleza kwa kubadilishana noti za kibalozi mwishoni mwa 1965. Orodha yake ya makosa iliandikwa kabla ya kompyuta. Kuchagua ni nchi gani tufunge nayo mkataba, na kwa makosa gani, ni siasa za nje tupu, wala hatuoni ubaya wowote hapo.

Ubaya huanza pale siasa inaporuka hatua ya katikati. Jirani zetu wa Afrika Kusini walilijua hilo kupitia kwa Mtanzania. Khalfan Khamis Mohamed alitafutwa kwa shambulio la ubalozi wa Marekani hapa Dar es Salaam, Agosti 7, 1998, lililoua watu 11. Alikamatwa Cape Town tarehe 5 Oktoba 1999, na kesho yake alikuwa ndani ya ndege pamoja na maofisa wa FBI, wapelelezi wa Marekani. Serikali ya Afrika Kusini ilisema hapo hakuna kukabidhi mtuhumiwa, ni kumfukuza mhamiaji aliyeingia kwa jina la uongo. Mei 28, 2001, kesi ikiwa inaendelea New York, Mahakama ya Katiba ilisema kitendo kile kilikuwa haramu. Kwanza, kanuni za uhamiaji hazikuruhusu mtu wa Tanzania apelekwe Marekani. Pili, na hili ndilo zito, liite kufukuza au kukabidhi, Afrika Kusini haiwezi kumtoa mtu mahali anapoweza kunyongwa bila kudai kwanza ahadi kwamba hatanyongwa. Mahakama iliagiza hukumu yake ipelekwe haraka kwa mahakama ya New York. Baraza la wazee wa mahakama huko halikukubaliana kwa kauli moja juu ya adhabu ya kifo, akafungwa maisha.

Angalia tofauti. Mshtakiwa mwingine katika shauri hilohilo, Mamdouh Mahmud Salim, alikamatwa Ujerumani mwaka 1998. Wajerumani walidai ahadi hiyo, wakapewa, wakamkabidhi Desemba mwaka huohuo. Ushirikiano wao na Marekani haukupungua hata chembe. Anayesema kwamba kudai masharti kunaharibu urafiki na aulizwe kuhusu kesi hii.

Na sisi historia yetu ipo. Novemba 1983 mpaka wetu na Kenya, uliofungwa tangu 1977, ulifunguliwa. Katika mapatano ya kipindi hicho Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu, waliokimbilia Dar es Salaam kwa ndege ya kijeshi baada ya jaribio la mapinduzi nchini Kenya la Agosti 1982, walirudishwa Kenya, nasi tukarudishiwa watuhumiwa wetu wa uhaini waliotorokea huko. Wawili hao walinyongwa 1987. Uhaini ndilo kosa la kwanza ambalo hakimu yeyote angeuliza kama ni la kisiasa. Mpaka kufunguliwa lilikuwa jambo jema. Bei yake haikupaswa kuwa watu.

Mheshimiwa, kuna sura nyingine ngumu zaidi: kosa lenyewe linapokuwa limezaliwa na sera ya nje. Desemba 1, 2018 Canada ilimkamata Meng Wanzhou, mkuu wa fedha wa Huawei, kampuni ya simu ya China, uwanja wa ndege wa Vancouver kwa ombi la Marekani. Tuhuma ilikuwa ulaghai dhidi ya benki ya HSBC, lakini nyuma yake vilikuwepo vikwazo vya Marekani dhidi ya Iran, ambavyo Canada haikuwa navyo wakati huo. Sharti ni kwamba kosa liwe jinai kwa nchi zote mbili. Mei 2020 Jaji Heather Holmes aliamua kwamba kiini ni ulaghai, na vikwazo ni mazingira tu ya kueleza madhara. Sisi tunauona uamuzi huo umeponea chupuchupu. Ukivuta hoja hiyo mbele kidogo, nchi ndogo itajikuta inatekeleza vikwazo vya wakubwa kupitia kwa hakimu wake.

Na siku kumi tu baada ya Meng kukamatwa, Rais Trump aliliambia shirika la Reuters kwamba angeweza kuingilia kesi ikiwa itasaidia biashara na China. Mawakili wa utetezi wakaishika kauli hiyo mpaka mwisho. China nayo ilikuwa imeshawakamata Wakanada wawili. Waliachiwa Septemba 2021, siku ileile Meng alipoondoka.

Kwa hayo tunaomba mambo yafuatayo. Waziri anapokubali au kukataa, atoe sababu kwa maandishi, na kama sababu ni uhusiano wa nchi na nchi, isemwe hivyo. Ombi likishafika, Idara ya Uhamiaji isimwondoe mtu huyo kwa njia ya kumfukuza nchini. Iandaliwe fomu moja ya ahadi: hatanyongwa, hatashtakiwa kwa kosa jingine, hatapelekwa nchi ya tatu. Saini ya balozi pekee haitoshi. Marekani, kesi nyingi za mauaji huendeshwa na majimbo, hivyo ahadi itoke kwa mwendesha mashtaka wa jimbo na ipitie kwenye noti ya ubalozi. Nasi tuwe tayari kutoa ahadi ya namna hiyo. Adhabu ya kifo bado imo kwenye sheria zetu, na mwaka 2012 Botswana ilikosa mtuhumiwa wake wa mauaji aliyekuwa Afrika Kusini kwa sababu ilikataa kutoa ahadi hiyo.

Kuhusu mahitaji ya klabu, ombi letu ni moja: nakala za mikataba yote ya kukabidhiana watuhumiwa inayotuhusu, ziwekwe maktaba. Ule wa 1931 tunausoma kwenye tovuti za Wamarekani.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama, Klabu ya Wanafunzi wa Sheria