Rehema, Pasaka ya huku si tarehe 28 Machi

Athene, Ugiriki
Januari 2027

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi zikufikie hapo Moshi pamoja na Baba Neema na watoto. Sisi huku hatujambo, isipokuwa baridi, na kile kibali changu cha ukaazi ambacho kila nikienda kukiulizia naambiwa nirudi wiki ijayo. Nilikusudia kukuandikia kwa utulivu mwisho wa mwezi, lakini ujumbe wako wa juzi umenikurupusha, maana unasema umekwisha kuomba likizo na kushika nafasi ya ndege ili ufike Ijumaa Kuu, tarehe 26 Machi, tusherehekee Pasaka pamoja. Rehema, ukija tarehe hiyo hutaikuta Pasaka. Utakuta Kwaresima ndiyo kwanza imeanza.

Wagiriki wengi ni Waorthodoksi, na kanisa lao bado linapiga hesabu ya Pasaka kwa kalenda ya kale ya Julius Caesar, ambayo sasa iko nyuma ya kalenda yetu kwa siku 13. Kuna miaka hesabu hizo mbili huangukia siku moja, kama ilivyokuwa mwaka 2025, na mwaka jana zilipishana kwa wiki moja tu. Mwaka huu zimeachana mno, kwani yetu ni 28 Machi na yao ni 2 Mei. Kama huniamini, waulize Waorthodoksi wa Bukoba, ambao nao watasubiri hadi Mei. Tena kinachoniuma zaidi ni kwamba utakuwa umeikosa kwa siku moja hata sikukuu ya tarehe 25 Machi, ambapo huadhimishwa kwa pamoja kupashwa habari kwa Bikira Maria na mapambano ya mwaka 1821 dhidi ya utawala wa Waturuki, wanafunzi wakipita kwa gwaride na kila jiko likinuka samaki wa chumvi wa kukaanga na rojo la vitunguu saumu. Baada ya hapo wanaofunga hurudi kwenye dengu, zeituni, pweza na ngisi, pamoja na mboga chungu za mwituni mfano wa mchunga wetu. Mimi nazipenda, lakini wewe nakujua.

Picha za kisiwa cha Santorini ulizonitumia ni nzuri, sikatai, ila sehemu kubwa ya nchi hii ni milima, na huko ndiko ninakotaka kukupeleka. Jirani yangu Bi Eleni ametualika kijijini kwao Zagori, kaskazini-magharibi, mwendo wa nusu siku kwa basi kupitia daraja refu la Rio. Vijiji vya huko ni 46, vingi vya mawe ya kijivu kuanzia ukuta hadi paa, na baadhi viko kandokando ya korongo la Vikos, ambalo kuta zake hushuka mamia ya mita hadi mtu anashika mti kabla ya kuchungulia. Madaraja yao ya upinde, likiwemo la Kokkori la mwaka 1750, yalijengwa kwa fedha za wanavijiji waliokwenda kufanya biashara ughaibuni. Nikikumbuka michango tunayotumiwa ujumbe kila wiki, nawaelewa kabisa. Mwezi Mei theluji bado huonekana kwenye vilele vya Tymfi, na chini miti imechipua.

Basi fikiria hali hiyo, kisha Alhamisi Kuu mayai yatiwe rangi nyekundu, na usiku wanawake wapambe kwa maua jeneza la Kristo. Ijumaa kengele hulia polepole kama za msibani, na jioni jeneza hilo huzungushwa kijijini huku watu wakilifuata na mishumaa. Jumamosi, karibu na saa sita ya usiku, taa zote za kanisa huzimwa. Padri hutoka na mwali mmoja, watu huwashiana, na baada ya dakika chache uwanja mzima unawaka. Kila mtu hujitahidi kufikisha moto wake nyumbani haujazimika, akiukinga kwa kiganja, wengine hata ndani ya gari, na Bi Eleni huchora msalaba kwa moshi wa mshumaa juu ya mlango. Alama za miaka iliyopita bado zipo. Ndipo mfungo unafunguliwa kwa supu ya matumbo ya mwanakondoo yenye limau na yai, na watu hugonganisha mayai yao ili kuona la nani litabaki zima. Jumapili tangu asubuhi mwanakondoo huzungushwa juu ya makaa, na kila mwanamume anayepita ana ushauri wa kutoa.

Kwa hiyo narudi palepale: sogeza safari. Ukifika Jumanne, tarehe 27 Aprili, tutakuwa na nafasi ya kupumzika kabla ya kupanda basi, kwani siku za mwisho mabasi hujaa.

Je, tiketi yako inabadilishika, na kwa faini kiasi gani? Viza umekwisha kuiomba, au fomu bado iko mezani? Mkuu wako wa kazi atakubali kusogeza likizo hadi Mei, au nimwombe Mama Lilian azungumze naye? Na Baba Neema ameamua kuja, au bado anasema hawezi kula matumbo ya Wazungu? Nijibu upesi, kwa sababu Bi Eleni ananiuliza kila tukikutana kwenye ngazi.

Ni mimi rafiki yako,
Upendo