Fundi, fungua boneti kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu wa Kasulu ambaye barua yake mliitoa wiki mbili zilizopita. Alilalamika kwamba barabara za mkoa wetu wa Kigoma zimemmalizia shokapu tatu ndani ya mwaka mmoja. Barabara sizitetei. Mimi mwenyewe nashuka Kibirizi, kwenye mwalo wa dagaa ziwani, kila alfajiri, na yale mashimo nayajua hata gizani. Lakini shokapu tatu kwa mwaka, ndugu yangu, hilo si shimo peke yake. Na mimi nililaumu barabara hivyohivyo, nikatoa hela hadi nikachoka, kumbe mwenye kosa, kile kikalio cha mpira kilicho juu ya shokapu, alikuwa amejikalia chini ya boneti.

Mimi nauza dagaa. Gari langu ni Toyota Carina ya mwaka 1998 aliyoniachia marehemu mume wangu. Kiti cha nyuma niling'oa zamani, magunia ndiyo abiria wangu. Mlio ulianza mwaka jana, mbele kushoto: ko, ko, ko. Cha ajabu, kwenye shimo kubwa gari lilitua kimya, lakini likikanyaga vijiwe vidogo kwa mwendo wa pole, ndipo linagonga kama mtu anapiga hodi. Baadaye likaongeza la pili. Nikikata kona kuingia soko la Mwanga, usukani haurudi wenyewe, mpaka niuvute kama mbuzi aliyegoma. Na nikiegesha, nikizungusha usukani gari likiwa limesimama, kitu kinajikunja, kinajikunja, halafu tang!

Fundi wa kwanza alilala chini ya gari, akatikisa tairi, akaamka na jibu: linki za stablaiza, vile vifimbo vifupi vinavyoshika chuma cha kuzuia gari lisilale kwenye kona. Tukabadili. Mlio uko palepale. Wiki iliyofuata akasema boljointi, kile kiungo cha chini kinachoruhusu tairi kugeuka. Tukabadili. Nikaenda kwa fundi wa pili, naye akalala chini, akaamka, akajifuta mikono. "Mama, hizi ni shokapu. Si unazijua barabara zetu?" Nikaagiza jozi ya mtumba kutoka Dar, ikaja kwa basi.

Daftari langu la dagaa huwa naandika kila kitu, hata shilingi mia ya mfuko. Humo kuna linki 40,000 na ufundi 15,000, boljointi 35,000 na ufundi 15,000, shokapu 160,000 na ufundi 30,000. Jumla ni laki tatu kasoro elfu tano. Gari lilinyamaza siku nne. Siku ya tano, kwenye mteremko wa Kibirizi, nikapigiwa hodi tena.

Wanaojua ziwa wanajua kwamba siku za mbalamwezi dagaa hawavuliwi, taa za wavuvi hazina kazi mwezi ukiwa umejaa. Siku hizo ndizo zangu za kufua na kutengeneza vitu. Mtoto wa kaka yangu alikuwa amekuja msibani, kijana aliyesomea magari chuo cha ufundi VETA. Nikamweleza. Nilitegemea na yeye alale chini ya gari. Hakulala. Alifungua boneti.

"Shangazi, ingia. Zungusha usukani polepole, mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia."

Gari likiwa limekaa kwenye matairi yake, bila jeki, aliweka kiganja juu pale penye nati tatu, ambapo shokapu inashikana na bodi. Kisha tukabadilishana, yeye kwenye usukani, mkono wangu pale juu. Mhariri, nimeshika magunia maisha yangu yote. Chini ya kiganja changu kulikuwa na kitu kama panya ndani ya gunia: kinatulia, kinajivuta, halafu kinaruka. Upande wa kulia nilisikia mtetemo mdogo tu wa chuma. Halafu akanionyesha springi. Aliniambia niiguse kwa nje kwa mgongo wa vidole, nisithubutu kuingiza kidole kati ya mapindo yake. Tairi lilikuwa linageuka, springi imegoma. Ikajikunja mpaka ikashindwa, ndipo ikaruka na ule mlio wangu. Tang!

Naomba nieleze, maana mafundi wawili hawakunieleza. Kwa magari kama haya, shokapu imesimama wima na springi imeizunguka, kitu kimoja. Juu yake kabisa pana kikalio cha mpira uliogandishwa na chuma, wao wanakiita mauntini ya shokapu. Ndicho kinachobeba uzito wa kona ile ya gari na kumeza mitikisiko isifike kwenye bodi. Kwa mbele kuna beringi humo ndani, kwa sababu ukikata kona shokapu na springi vinageuka pamoja na tairi. Nyuma tairi hazikati kona, kwa hiyo kule ni mpira tu, beringi haihitajiki. Kijana akaongeza kwamba mfumo huu una jina la Mmarekani mmoja, Earle MacPherson, wa miaka ya 1940. Nilimwambia huyo MacPherson hakuwahi kushuka Kibirizi.

Kwangu beringi ya kushoto ilikuwa imeshika kutu. Kile kifuniko kidogo kinachofunika nati ya katikati hakikuwepo, sijui kilipotelea gereji ipi, na maji ya mvua yakawa yanaingia moja kwa moja. Ndiyo maana usukani ulikuwa mzito kurudi. Kuhusu hodi, tulilinyanyua gari kwa jeki, tairi likaning'inia, na hapo mpira ukaachana na chuma mbele ya macho yangu. Ufa ulipanuka kiasi cha kuingiza sarafu. Tukilishusha, uzito wa gari unaufumba tena, huoni kitu. Fundi aliyelala chini angeuonaje? Na yule wa pili alishaitoa shokapu nzima, akaishika mkononi ile mauntini, akaifunga tena juu ya shokapu nyingine!

Sisemi kila mlio ni mauntini. Linki za stablaiza nazo hugonga kwenye vijiwe, tena mara nyingi tu. Lakini kuzipima hakuna gharama. Unazifungua mbili zote, unaendesha polepole mtaani, mlio ukipotea ni zenyewe, ukibaki unazirudisha. Dakika chache. Fundi wangu alizipima kwa pesa yangu.

Nilinunua mauntini mbili mpya na beringi zake, 45,000 kila moja. Ya kulia ilikuwa na nyufa bila kuchanika, lakini umri wao ni mmoja. Muuza spea alitaka kunipa za mtumba kwa nusu ya bei. Nikamuuliza zimetoka kwenye gari la mwaka gani. Akacheka. Mpira unazeeka hata ukiwa kabatini, nikamwachia.

Hapa ndipo ninapotaka mafundi wa mkoa wangu wanisome taratibu. Gereji ya jirani ilijitolea kunifanyia kazi hiyo kwa kuifunga springi kwa waya. Kijana alikataa kabisa. Springi ile imebanwa, na nati ya katikati ndiyo inayoizuia isiruke. Ukiifungua kabla springi haijabanwa zaidi kwa kifaa chake, kila kilicho juu kinaruka kama risasi, na uso wa fundi uko pale pale. Tulizunguka hadi Gungu ndipo tukapata kibanio cha springi cha kuazima, elfu tano kwa siku. Kina vipande viwili, kimoja huku na kingine mkabala wake, unakaza huku kidogo na kule kidogo, kwa zamu, mpaka springi ilegee kwenye vikalio vyake. Ndipo nati ya katikati inaguswa. Katika kuishusha shokapu nzima kutoka garini, zile nati tatu za juu ndizo zilifunguliwa mwisho, mimi nimeishikilia shokapu kwa chini isidondoke.

Kabla ya kufungua bolti mbili za chini, aliniomba rangi ya kucha. Nilidhani anatania. Akachora mstari mwekundu kwenye bolti na mahali zinapokaa, ili zirudi palepale na tairi lisije likainama ndani au nje. Mstari ule upo hadi leo, mafundi wakiuona wananiuliza.

Tulipoivua ile shokapu niliyoagiza Dar, niliona kitu kilichoniuma kuliko ufa. Kwenye ile fimbo inayong'aa, katikati, kulikuwa na meno. Meno ya plaizi. Fundi wangu wa pili aliibana fimbo kwa plaizi ili isizunguke wakati anakaza nati. Fimbo ile inaingia na kutoka kwenye sili, ule mpira unaozuia mafuta ya shokapu yasivuje, na kila mkwaruzo unaikata sili kama msumeno, hadi mafuta yatoke. Na kweli, vumbi lilikuwa limeshaanza kugandia mafuta pembeni. Njia sahihi ni kushika kichwa cha fimbo kwa ufunguo wake, pale juu kabisa, huku ukikaza nati kwa spana. Ndugu yangu wa Kasulu, kabla hujanunua ya nne, angalia hizo tatu zako kama zina meno.

Kufunga kulichukua muda mfupi kuliko kutafuta kibanio. Kijana alihakikisha mwisho wa springi umekaa kwenye ngazi ya kikalio chake, akaurudisha mpira wa kuzuia vumbi ambao mafundi walishauacha ukining'inia, akaweka kifuniko juu ya nati. Kilikuwa kifuniko cha chupa ya dawa, maana cha asili hatukukipata. Kesho yake nikaenda kupima alaimenti, yaani kama tairi zimekaa sawa.

Ombi langu kwa mafundi ni dogo. Mteja akija na hodi ya mbele, mwekeni mtu kwenye usukani, fungueni boneti, wekeni mkono. Mkishaitoa shokapu, mwonyesheni mteja mauntini yake kabla hamjaifunga tena, aamue mwenyewe. Na mkichangishana, kibanio kimoja cha springi kinatosha gereji nne. Kwa wauza spea, mtu akinunua shokapu mwulizeni juu yake ataweka mauntini gani.

Wapo watakaosema mwanamke wa dagaa anafundisha mafundi kazi. Mauntini yangu ya zamani sikuitupa. Naitumia ghalani kama jiwe la kuzuia mlango usifungwe na upepo wa ziwa, na ufa wake unaonekana vizuri. Anayetaka kuiona aulizie pale mwaloni Kibirizi, lakini aje siku za mbalamwezi, siku nyingine sina muda.

Mfanyabiashara wa dagaa,
Kibirizi, Kigoma