Kabla hamjamwamini mwanahistoria: barua kwa vijana wa kikundi cha kusoma, Kaloleni, Nairobi

Wajukuu zangu,

Nimesikia mlivyogawanyika juu ya Caroline Elkins. Baadhi yenu mwasema kitabu chake cha 2005 kuhusu kambi za kizuizini za wakati wa Mau Mau, yale mapambano ya kupinga ukoloni Kenya, ni kweli tupu, kwa kuwa kinamuumbua Mwingereza. Wengine mwasema huyo ni Mmarekani, atajua nini ya kwetu. Naona mmemhukumu mwandishi, kazi yake bado hamjaigusa. Swali la kumuuliza mwanahistoria yeyote ni la kuchosha kidogo: haya umeyatoa wapi?

Elkins alitegemea sana masimulizi ya wazee waliopita kambini. Wako wasomi waliombeza kwa hilo, eti kumbukumbu za wakongwe si ushahidi (mimi kama mkongwe nimelisikia hilo na nimelimeza). Mwaka 2011, kesi ya wazee hao dhidi ya serikali ya Uingereza kuhusu mateso ya kambini ikiendelea London, zikaibuka faili takriban 1,500 zilizohamishwa kutoka Kenya uhuru ulipokaribia na kufichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza; ndani yake mlikuwa na habari za mateso hayo. Mwezi Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa wadai 5,228. Kuhusu mateso, wazee walikuwa wamesema kweli.

Sasa geuzeni ukurasa. Humo humo kitabuni Elkins alilinganisha sensa ya 1948 na ya 1962, akasema huenda Wakikuyu kati ya 130,000 na 300,000 hawajulikani walikokwenda. Mwaka 2007 John Blacker, mtaalamu wa takwimu za watu, alizipitia sensa hizo upya akapata vifo vya ziada takriban 50,000, karibu nusu yao watoto wa chini ya miaka 10. Hesabu hiyo haimsafishi mkoloni hata kidogo. Lakini inaonyesha kwamba mtu aweza kuwa sahihi juu ya mateso na akapotoka kwenye hesabu, ndani ya jalada moja. Kwa hiyo msikipokee kitabu kizima wala msikitupe kizima.

Na anayewaambia kwamba karatasi za serikali ndizo za kuaminika, mkumbusheni kambi ya kizuizini ya Hola. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa, na tangazo la kwanza la serikali likasema walikufa baada ya kunywa maji. Faili nayo ina mwenyewe, na mwenyewe ana lake la kuficha.

Mimi nina kipimo changu: Lari, Machi 1953. Akitokea mwandishi anayesimulia familia zilizochomwa na Mau Mau usiku ule akanyamaza juu ya watu waliouawa kulipiza kisasi, au akasimulia kisasi akaruka moto, namsoma kalamu mkononi. Wa kwetu wanakosea hapa sawa na wageni.

Jumba la Nyaraka za Kitaifa liko Moi Avenue, si mbali na hapo kwenu. Kabla ya kikao kijacho chagueni tanbihi moja inayotaja faili iliyomo humo, mmoja wenu aende aiombe, ainakili, mje mlinganishe na alichoandika Elkins. Nauli ni juu yangu.

Babu yenu