Harambee ya Visima: Bakteria Tunao, Tunachangia Hewa

Majirani, ndugu na marafiki,

Kamati ya maji inawaita kwenye harambee. Tangi lililofukiwa ardhini lilivuja, petroli ikazama hadi kwenye maji ya visima, na majibu ya maabara yameonyesha benzini, kemikali iliyomo ndani ya petroli. Kemikali hiyo husababisha saratani ya damu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Tafadhali msiyachemshe mkidhani yatafaa: benzini hupaa na mvuke, mkauvuta humo humo jikoni.

Wengi mmeuliza kama fedha hizi ni za kununua vijidudu. La. Bakteria wanaokula petroli wamo tayari udongoni. Huivunja benzini wapate nguvu, na mwisho wake hubaki maji na kaboni dioksidi. Wanachokosa ni pumzi. Gramu 1 ya benzini huhitaji takriban gramu 3 za oksijeni ili iishe, ilhali lita nzima ya maji hubeba miligramu 10 hivi tu. Palipovuja, oksijeni huisha mapema. Wanaobaki ni bakteria wanaotumia madini ya ardhini, yaani naitreti, salfeti au chuma, badala ya oksijeni, nao huenda mwendo wa kobe.

Kwa hiyo tunachangia pampu ya kusukuma hewa chini, visima vyembamba vya uchunguzi, na vipimo. Petroli inayoelea juu ya maji itanyonywa kwanza, kwani bakteria hula ile iliyoyeyuka. Vipimo ndivyo vitakavyomeza fedha nyingi, na hapo hatutabana. Benzini ikipungua kisimani huenda imehama tu; lazima tupime pia oksijeni na naitreti, tujue kama kweli bakteria wanaila, na tufuate maji yanakoelekea.

Ni kazi ya miaka. Huko Bemidji, jimbo la Minnesota, Marekani, bomba la mafuta lilipasuka mwaka 1979. Bakteria wamezuia sumu isisambae mbali, lakini miongo kadhaa baadaye mafuta yalikuwa bado yamo ardhini. Atakayewaahidi visima safi baada ya wiki mbili ana kitu anauza.

Michango ipokewe na mweka hazina, kwa risiti. Ahadi ndogo ya kila mwezi itatufaa kuliko kitita cha siku moja, maana sampuli zitachukuliwa kila robo mwaka. Mafundi wa pampu jitokezeni, na wenye magari ya kuwahisha sampuli maabara zikiwa kwenye barafu. Majibu yote yatabandikwa hadharani, hata yakiwa mabaya.

Kamati ya Maji